CHAKI YA JIMNASTIKI: Jinsi ya Kuchagua Mzigo Mzuri Kabla Hujatuma Hela

Somo la leo ni kwa wewe unayeuza vifaa vya mazoezi mtandaoni, au unayetafuta bidhaa ndogo, nyepesi, inayoisha haraka ili mteja arudi tena. Tunazungumzia chaki ya jimnastiki, ule unga mweupe ambao wanamichezo wanajipaka viganjani kabla ya kushika chuma.

Kama uliangalia Olimpiki ya Paris 2024, uliwaona wanajimnastiki wakichovya mikono kwenye beseni la unga mweupe kabla ya kupanda kwenye fito. Wanyanyua vyuma wanaitumia. Wapanda miamba wanaitumia pia, tangu Mmarekani John Gill, aliyekuwa mwanajimnastiki, aipeleke kwenye mchezo huo miaka ya 1950. Hata LeBron James wa mpira wa kikapu alijulikana kwa kuirusha hewani kabla ya mechi. Hapa kwetu wateja wako ni jimu, shule zenye jimnastiki, vikundi vya sarakasi, na mtu mmoja mmoja anayefanya mazoezi ya kubeba vyuma nyumbani.

Sasa sikia. Bidhaa hii ina mtego mmoja. Unga mweupe wote kwenye picha unafanana. Ukiletewa chaki ya ubaoni iliyosagwa, ukiletewa poda, ukiletewa chaki halisi, kwa macho huwezi kutofautisha. Lakini atakayegundua tofauti ni mtoto wa miaka 10 anayening'inia kwenye chuma kirefu kumzidi baba yake. Kwa hiyo leo twende taratibu, hatua kwa hatua.

1. JUA UNACHOUZA

Chaki ya jimnastiki ni kabonati ya magnesiamu. Kwenye boksi utaona maandishi “Magnesium Carbonate” au alama MgCO3. Shika hilo kichwani, maana ndilo swali la kwanza kumuuliza muuzaji yeyote wa jumla.

Kazi yake ni kunyonya jasho. Kiganja kikilowa kinateleza kwenye chuma na kwenye mbao. Chaki inakausha ule unyevu, mkono unashika vizuri. Pia inapunguza ngozi kuvutwa na kusuguliwa ovyo, jambo linalosaidia kwenye malengelenge, ingawa haiyazuii yote.

Haiyeyuki kwenye maji kirahisi. Ndiyo maana jasho kidogo haliigeuzi kuwa uji papo hapo. Inabaki kama tabaka jembamba kavu kati ya ngozi na chuma.

2. USICHANGANYE NA HIVI VITATU

Chaki ya ubaoni. Hii inatengenezwa kwa kabonati ya kalisi au kwa jasi. Jina ni chaki, rangi ni ile ile, lakini ni kitu kingine. Hainyonyi jasho kama ile ya magnesiamu. Mtu akikwambia “chaki ni chaki tu bosi”, achana naye.

Jasi. Unga huu unajulikana zaidi kwa mafundi wa dari na urembo wa kuta. Ni mweupe, wa bei rahisi, na ni rahisi kuchanganywa na kitu kingine.

Poda ya talki, yaani zile poda za mwilini za miaka yote. Hii ndiyo hatari kuliko zote. Talki ni kilainishi, inafanya ngozi iteleze. Mwanajimnastiki akijipaka talki halafu akaruka kwenye fito, umemwandalia ajali.

Mteja akikuuliza “si naweza kutumia poda ya mtoto tu?”, mjibu kwa heshima: “Hapana kocha, ile inatelezesha. Hii inakausha.” Jibu fupi kama hilo linampa mteja imani kwamba unajua unachouza.

3. AINA NNE NA WATEJA WAKE

Usinunue kila aina kwa wakati mmoja. Angalia kwanza nani yuko karibu na wewe.

a) Vipande vya mraba. Hivi ndivyo jimu za jimnastiki zinavipenda. Ukubwa unaouzwa sana ni kipande cha gramu 56, vipande 8 kwenye boksi, jumla kama gramu 454, yaani ratili moja. Mwanamichezo anakisugua moja kwa moja kwenye kiganja au kwenye fito. Wengine hulowesha fito kwa maji kidogo kwanza ili chaki ishike, na kwenye fito sambamba za wanaume wapo wanaopaka hata asali. Kwa hiyo usishangae kocha akikuuliza kama vipande vyako vinasugulika vizuri juu ya kitu kibichi.

b) Unga. Unakuja kwenye mfuko, unamwagwa kwenye beseni la jimu. Ni mzuri kwa sehemu yenye watu wengi. Shida yake ni vumbi.

c) Mpira wa chaki. Ni kifuko cha kitambaa kilichojazwa unga, unakibonyeza mkononi na unga unatoka kidogo kidogo. Ni mzuri kwa mtu mmoja anayeenda jimu na begi lake, na kwa jimu ambazo zinachukia uchafu sakafuni.

d) Chaki ya maji. Ni unga uliochanganywa na pombe ya viwandani. Unapaka, pombe inapaa hewani, mkononi inabaki chaki. Haitoi vumbi jingi. Watafiti wa Ujerumani waliopima hewa kwenye kumbi za kupanda kuta waliona kwamba chaki ya maji inashusha vumbi hadi karibu na hali ya ukumbi uliopiga marufuku chaki kabisa. Jimu zenye viyoyozi na zulia zitaipenda. Ila pombe inashika moto, na hilo lina masharti yake kwenye usafiri. Tutalifikia.

Ushauri wangu kwa anayeanza: vipande vya mraba kama wateja wako ni jimnastiki na sarakasi, mpira wa chaki kama wateja wako ni watu binafsi wa jimu. Aina moja tu mpaka uone inavyokwenda.

4. VIPIMO VYA UBORA UNAVYOWEZA KUFANYA NYUMBANI

Usiagize mzigo kabla ya sampuli. Chukua boksi moja au mfuko mmoja, hata kama ni kwa bei ya rejareja. Hela ya sampuli ni ndogo kuliko hela ya mzigo uliolala stoo.

Kipimo cha vidole. Weka unga kidogo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, sugua. Chaki nzuri ni laini, haina punje za mchanga. Ukisikia kitu kinakwaruza, hiyo itachana viganja vya watoto na kuharibu vile vikinga-kiganja vya ngozi ambavyo wanajimnastiki huvaa.

Kipimo cha pua. Chaki halisi haina harufu ya manukato. Ikinukia kama chumba cha mama mwenye mtoto mchanga, ulizia vizuri kilichomo.

Kipimo cha maji. Weka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, koroga. Maji yanakuwa meupe kama maziwa, ukiacha muda unga unatua chini. Ukiona umeyeyuka wote na maji yakawa safi, hiyo siyo chaki.

Kipimo cha siki. Dondoshea siki juu ya unga. Kabonati inatoa mapovu, hata kama ni taratibu. Jasi na talki hazitoi. Lakini angalizo: chaki ya ubaoni iliyotengenezwa kwa kabonati ya kalisi nayo inatoa mapovu. Kwa hiyo kipimo hiki kinakusaidia kukataa kitu kibaya. Hakitoshi kuthibitisha kwamba ulichonacho ni kizuri.

Kipimo cha kulala. Weka kijiko kimoja cha unga kwenye kisahani, acha wazi usiku kucha. Asubuhi ukikuta umeshikana mabonge na unaonekana umelowa, una mashaka ya kutosha. Kloridi ya magnesiamu na ya kalisi zikibaki kama uchafu ndani ya chaki, zinavuta maji kutoka hewani. Unga unaovuta maji namna hiyo, mkononi unageuka utelezi. Kwa watu wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa, kipimo hiki ni muhimu sana kwa sababu hewa yetu tayari ina unyevu.

Kipimo cha kipande. Kipande kizuri kinavunjika kwa mkono na kinasugulika bila kutumia nguvu nyingi. Kikiwa kigumu kama jiwe, kocha atalalamika. Kikiwa kinabomoka kabla hujakigusa, kitafika kwa mteja kikiwa chenga.

Mizani. Pima. Boksi limeandikwa gramu 454, weka kwenye mizani ya jikoni uone. Toa uzito wa karatasi na boksi. Wapo wanaojaza hewa na kuuza kwa macho.

Baada ya hapo kuna kipimo kikubwa kuliko vyote, nacho huwezi kukifanya mwenyewe. Chukua sampuli mbili kutoka kwa wauzaji wawili tofauti. Weka kwenye mifuko miwili, andika 1 na 2. Mpelekee kocha au mnyanyua vyuma aliyezoea chaki. Usimwambie bei wala jina la kampuni. Mwambie: “Naomba utumie hizi wiki moja, kisha uniambie ipi inakaa mkononi muda mrefu.” Utapata jibu la kweli, na hapo hapo umeshapata mteja wa kwanza.

5. MASWALI YA KUMUULIZA MUUZAJI WA JUMLA

Nakili haya uyatume kama yalivyo:

“Habari. Kabla sijaweka oda naomba kujua: (1) Kilichomo ni kabonati ya magnesiamu asilimia ngapi? (2) Kuna kitu kingine kilichoongezwa, kama kikaushio, rangi au manukato? (3) Una cheti cha vipimo vya maabara cha mzigo huu? (4) Una karatasi ya usalama wa kemikali? (5) Uzito halisi bila boksi ni gramu ngapi? (6) Vipande vikifika vimevunjika tunafanyaje?”

Angalia anavyojibu. Muuzaji mzuri anatuma karatasi bila kelele. Akikwambia “asilimia 100, niamini”, mwombe karatasi tena. Kwenye karatasi utakuta namba ya kemikali. Ya kabonati ya magnesiamu ni 546-93-0. Aina nyepesi inayotumika sana kwenye michezo inaweza kuandikwa 39409-82-0. Ukiona namba nyingine kabisa, iingize kwenye intaneti ujue ni kitu gani kabla hujatuma hata shilingi.

Swali la pili usiliruke. Baadhi ya chaki zimeongezwa vikaushio. Wapo wanaozipenda, hasa wenye jasho jingi. Wapo ambao ngozi inakauka mpaka inapasuka. Siyo kosa kuuza chaki yenye nyongeza. Kosa ni mteja kutoambiwa.

6. USAFIRI NA STOO

Unga mweupe usio na maandishi ni kujitafutia maswali. Mwambie muuzaji wako aweke lebo kwenye kila boksi na aambatanishe karatasi ya usalama na ankara. Mzigo ukifunguliwa njiani, karatasi zinajieleza zenyewe. Kuhusu kodi na vibali vya kuingiza, muulize wakala wa forodha kabla mzigo haujaondoka kwa muuzaji. Usisubiri ufike bandarini.

Chaki ya maji ina pombe, kwa hiyo inahesabiwa kuwa kimiminika kinachoshika moto. Kwa ndege ina masharti yake. Hata ukituma mkoani kwa basi, mwambie wakala wa vifurushi kilichomo ndani. Usifiche.

Stoo yako iwe kavu. Usiweke maboksi sakafuni wala yasiguse ukuta. Weka juu ya mbao au rafu. Ukifungua boksi, hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko au mfuko wa kufunga usioingiza hewa.

Ukipima na kufunga upya kwenye vifuko vidogo, fanyia sehemu yenye hewa ya kutosha na vaa barakoa. Vumbi lake linakera koo na macho. Watoto wasiwe karibu.

7. HESABU YA BEI

Hapa wengi wanaumia. Namba zifuatazo ni za mfano tu, weka zako.

Kwanza linganisha kwa gramu. Usilinganishe kwa boksi. Muuzaji A ana boksi la gramu 454 kwa 30,000. Muuzaji B ana la gramu 300 kwa 24,000. B anaonekana rahisi. Piga hesabu ya gramu 100: kwa A ni kama 6,600, kwa B ni 8,000. B ni ghali.

Pili, hesabu gharama mpaka mzigo ufike mlangoni kwako. Maboksi 20 kwa 18,000 ni 360,000. Usafiri 60,000. Kodi na mengineyo 40,000. Jumla 460,000. Kila boksi limekugharimu 23,000, achana na ile 18,000.

Tatu, weka nafasi ya kuvunjika. Tuseme maboksi 2 yamefika chenga. Utauza kama chenga kwa 15,000 kila moja, umepata 30,000. Zinabaki 430,000 ambazo lazima zirudi kwenye maboksi 18. Sasa kila boksi zima limekugharimu karibu 23,900. Ukiuza 30,000, faida yako ni kama 6,100, kabla ya bando na nauli ya bodaboda. Aliyehesabu kwa 18,000 anadhani anapata 12,000, na mwisho wa mwezi anashangaa hela imeenda wapi.

Chenga usitupe. Kwa jimu inayotumia beseni, chenga ni chaki ile ile. Iandike wazi: “Iliyovunjika njiani, ubora ule ule, bei nafuu.” Inanunulika haraka.

8. KUANDIKA TANGAZO

Tangazo la chaki linahitaji mambo sita: kilichomo, uzito halisi, umbo lake, kama kuna nyongeza, inafaa nani, na namna ya kuhifadhi. Mfano:

“Chaki ya jimnastiki na vyuma. Kabonati ya magnesiamu, haina manukato wala kikaushio. Boksi la vipande 8, gramu 454. Inafaa fito, pete, chuma cha kubeba na sarakasi. Hifadhi sehemu kavu, funga baada ya kutumia. Sampuli ndogo ipo kwa jimu na shule.”

Maneno ya kuepuka: “haitelezi kabisa”, “inazuia ajali”, “ya Olimpiki” kama huna uthibitisho. Chaki inasaidia mshiko. Haimfundishi mtu kuruka, na hata nyingi kupita kiasi inageuka tatizo, kwa sababu unga ukirundikana kwenye chuma unakuwa tabaka la kuteleza. Ndiyo maana utawaona wakifuta na kupiga brashi fito zao. Mwambie mteja: kidogo, sambaza vizuri, kung'uta iliyozidi.

Kuhusu picha, piga kipande kikiwa juu ya mizani, namba ya gramu ionekane. Piga kingine kikiwa kimevunjwa ili mteja aone ndani. Video ya sekunde 15 ya mkono unaosugua kipande inauza kuliko picha kumi za boksi ulizochukua kwa watu.

9. MTEJA AKILALAMIKA

Kocha akikutumia ujumbe kwamba chaki inateleza, usianze kubishana. Muulize maswali matatu: Imehifadhiwa wapi? Ilifunguliwa lini? Walichanganya na kitu gani? Mara nyingi beseni limeachwa wazi karibu na dirisha, au mtu kamwagia chupa ya maji.

Lakini kama wateja wawili wa mzigo mmoja wamelalamika jambo lile lile, simamisha mauzo siku hiyo hiyo. Rudia vipimo vya hatua ya 4. Watumie ujumbe wote walionunua mzigo huo waache kutumia mpaka ujue tatizo, kisha badilisha au rudisha hela. Ndiyo maana ni vizuri kuandika kwenye daftari tarehe ya mzigo na majina ya walionunua. Utapoteza faida ya mzigo mmoja. Ukikaa kimya na mtoto akaanguka, hakuna shule itakayokujibu tena, na jimu zote zinajuana.

10. ZOEZI LA WIKI HII

Kama una nia na biashara hii, kabla ya Jumapili fanya haya manne:

✅ Orodhesha jimu, shule na vikundi vya sarakasi 5 vilivyo karibu nawe. Uliza wanatumia chaki ya aina gani na wanaipata wapi.
✅ Tuma yale maswali 6 kwa wauzaji 3 wa jumla.
✅ Nunua sampuli 2, fanya vipimo, kisha peleka mifuko namba 1 na 2 kwa kocha mmoja.
✅ Piga hesabu ya gharama mpaka mlangoni kwa boksi moja, pamoja na za kuvunjika.

Ukimaliza hayo manne utajua kama mzigo huu unakufaa au hapana, na utakuwa umetumia hela ya sampuli mbili tu.

Hifadhi somo hili, mtumie na mwenzako anayeuza vifaa vya mazoezi. Kama umeshawahi kuuza chaki, tuambie wateja wako wanapenda vipande au unga, na uko mkoa gani. Tukutane somo lijalo. Biashara njema!